Viroboto wa Chumba cha Mama

Mimi sikuwahi kuwa mtu wa paka. Niseme hilo mapema nisije nikaonekana mwema. Paka walikuwa wa mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kutwa nzima nina watoto wa kutosha wa kunililia, nikirudi nyumbani nataka kuvua viatu na kunyamaza. Lakini wazazi wangu walipohamia kwangu Kiseke, mtaa wa mlima wa mawe juu ya ziwa, baada ya miguu ya mama kuanza kuvimba, mama alishuka kwenye gari na masanduku mawili, jembe lake (la kulima nini kwenye mawe yale, hata leo sijui), na tenga la kuku ambalo ndani hamkuwa na kuku. Mlikuwa na paka wa kijivu, amenikazia macho kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Haikupita miezi mitatu, paka akazaa. Watoto wake tukawagawa, tukabakiwa na mmoja mweusi, mwoga ajabu, aliyekimbilia juu ya kabati hata kijiko kikianguka.

Paka wale hawakuruhusiwa kutoka nje. Mtaani kwetu watu walikuwa wanatega sumu ya panya kila kona, na paka wawili wa majirani walikutwa mtaroni wamekufa. Mama aliposikia hivyo akasema wake hawavuki kizingiti. Akanifanya nikanunue nyavu za madirisha, akaweka mchanga kwenye beseni kuukuu, na habari ikaishia hapo. Jirani yangu wa upande wa juu, mama mkaanga maandazi ambaye mdomo wake haujui likizo, hakuacha kutucheka. "Hao ni paka au wari waliowekwa ndani? Si muwapake na hina kabisa!" Mama alikuwa anacheka naye hadi anashika mbavu.

Baba hakucheka. Baba ni mfugaji, Msukuma wa ng'ombe, na kwake mnyama mahali pake ni zizini. Paka juu ya kitanda aliona ni utovu wa adabu. Lakini alikuwa hambishii mama. Nje ya nyumba baba alikuwa simba. Mambo ya ndani, mama akishasema, amesema.

Mama alilala chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linaliona ziwa katikati ya mawe mawili makubwa, kwa sababu kilikuwa na upepo na yeye alikuwa anatafuta hewa. Baba akalala chumba cha mbele. Paka wa kijivu akalala na mama. Na asubuhi ile aliyofariki mama, ni yule paka aliyekuja kunigusa mguu jikoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Sikumwelewa. Nilimsukuma kwa mguu nikaendelea kuchochea uji. Hilo nalo ninalo mpaka leo.

Kwetu, msiba ukifika arobaini, ndugu hukaa wakagawana nguo za marehemu. Shangazi anachukua kitenge, dada anachukua kingine, mke wa kaka anachukua sweta. Si kwa tamaa. Ni ili aliyekufa aendelee kuvaliwa na watu wake. Basi siku ya arobaini mashangazi wakaja, tukala, wakakaa mkekani wakingoja. Baba akainuka, akafunga chumba cha nyuma kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati, akasema neno moja tu: "Bado."

"Kaka, nguo za marehemu hazikai," shangazi mkubwa akamwambia.

"Nimesema bado."

Wakaondoka wamenuna, na mimi ndiye niliyewasindikiza, nikaambulia lawama zote mpaka kituoni.

Tangu siku hiyo baba akawa mtu wa bado. Chakula, bado. Kwenda kanisani, bado. Kunyoa ndevu, bado. Alikaa kibarazani kutwa nzima akitazama ziwa ambalo kama sikosei hakuwa analiona. Kitu pekee kilichomwamsha ni yule paka wa kijivu, aliyekuja kujilaza juu ya kandambili zake. Baba hakumshika, thubutu! Ila kila tukila nyama, kipande kilimponyoka baba kikaanguka chini ya meza. Kwa bahati mbaya. Bahati mbaya ya kila siku! Nami nikajua moyoni, nikajiambia waziwazi: paka huyu akiondoka, baba naye ataondoka.

Ndipo viroboto walipokuja.

Walianza na mimi, kwenye vifundo vya miguu. Niko ubaoni nafundisha hesabu za sehemu, mguu mmoja unaukuna mwingine, watoto nyuma yangu wanaziba midomo. Nikadhani ni mbu. Jumapili moja nikamgeuza paka wa kijivu tumbo juu, nikapuliza manyoya. Jamani! Nilichokiona humo kilinifanya nimwachie akaanguka. Walikuwa wanakimbia chini ya manyoya kama watu wa mnadani waliosikia mgambo anakuja.

Nikaanza vita. Nilifagia, nikapiga deki kwa mafuta ya taa mpaka macho yakawaka. Nikachemsha mwarobaini nikamwaga kila kona. Nikanyunyiza majivu, nikanyunyiza chumvi, nikatoa magodoro yote nje. Siku tatu za amani, ya nne wamerudi. Nikarudia yote. Siku tano za amani, wamerudi, na safari hii naona kama wamekuja na ukoo wao. Nilikasirika hadi nikawa nawatukana kwa sauti, mtu mzima mwenye kazi yake, nimesimama sebuleni nawatukana viroboto.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwalimu," jirani akanichekea kutoka kwenye karai lake la maandazi. Kisha akaacha kucheka, akasema kama mtu anayenionea huruma, "Watie paka kwenye kiroba, wapeleke sokoni Buhongwa, huko watapata vichwa vya samaki. Wewe utalala."

Sitadanganya. Nilikitafuta kiroba. Nilikuwa nimekishika mkononi mlangoni wakati baba, kule kibarazani, alipoangusha ganda la ndizi, akainama kuliokota, na akiwa pale chini akampitishia paka kidole kimoja kati ya masikio. Kidole kimoja tu, haraka, halafu akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Nilikirudisha kiroba jikoni.

Siku iliyofuata nilileta nyumbani lenzi ya mkono, ile ya somo la sayansi. Nilikuwa nataka kumwona adui yangu uso kwa uso. Nikamnasa mmoja kwa ncha ya sabuni yenye maji, nikamweka kwenye sahani nyeupe, nikasogea kibarazani kwenye mwanga. Nilitazama nikasahau hasira. Ni kadudu kadogo kuliko punje ya ulezi, lakini kamebanwa mbavu, kembamba kwa ubavu, kapate kupita kati ya nywele na nywele bila kugusa. Mwili wake unang'aa rangi ya chai ya rangi. Vinyweleo vyake vyote vimeelekea nyuma, ukijaribu kumvuta haji. Na miguu ya nyuma! Mirefu, imekunjwa tayari, inangoja.

Nikampa baba lenzi. Nilitegemea aniambie bado. Akaichukua. Akatazama muda mrefu sana, mdomo wazi, kisha akauliza polepole, "Huyu miguu hii kapewa na nani?"

"Na Mungu, baba."

"Mungu ana kazi," akasema, akaendelea kutazama. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake wiki nzima.

Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba nimesafisha nyumba nzima isipokuwa chumba kimoja, na kwamba tusipofungua kile chumba tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu. Uso wake ukajifunga. Akanirudishia lenzi.

"Humo hakuna mtu," akasema. "Mdudu anayekunywa damu atakaa kwenye chumba kisicho na mtu anywe nini? Kupe hakai zizini, anakaa kwenye ng'ombe. Tatizo lako ni paka, si chumba."

Kwa hesabu za ng'ombe alikuwa sahihi, nikachukua ufagio nikaanza upya.

Siku mbili baadaye, Ijumaa, nilirudi kutoka shule saa tisa alasiri. Geti liko wazi. Baba amepiga magoti uani kwenye maji, suruali imelowa, na mapajani amemlaza paka wa kijivu. Paka alikuwa anatetemeka. Si kutetemeka kwa baridi. Mwili mzima ulikuwa unarukaruka, masikio yanacheza, mate yanamtoka. Pembeni kuna ndoo, na pembeni ya ndoo kuna chupa niliyoijua tangu utoto, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Harufu yake ilikuwa ndiyo harufu ya siku za josho kule kijijini. Sikujua hata kama alikuja nayo mjini.

"Nimemwogesha," baba akasema. "Kifuniko kimoja tu, mama. Hata ndama tunamtilia kifuniko kimoja."

Baba huniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Na mimi, niliyebeba jina la mama yake, nilimfokea. Sijawahi kumfokea baba yangu maishani, lakini siku ile nilimwita mzee mkaidi, nikamwambia anaona bora kuua kuliko kufungua mlango. Alinitazama tu. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyepigwa na mtoto wake, na ndivyo ilivyokuwa.

Mweusi alikuwa juu ya kabati, mkavu. Alikuwa amekataa kushuka. Uoga wake ulimponya.

Tulimfunga wa kijivu kwenye kitenge changu, tukasimamisha bajaji. Dereva aliona paka akaanza kucheka, halafu akamwona baba, akaacha, akaendesha mbio mpaka Nyakato, ambako kuna duka la dawa za mifugo na nyuma yake chumba kidogo cha daktari. Daktari alikuwa binti, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alimwamkia baba shikamoo, akanusa kitenge, na kabla sijamaliza sentensi alikuwa amekwisha kufungua bomba.

"Mzee, usijilaumu kwanza, nisaidie kumshika," akasema. Akamwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, akamsuuza, akamwosha tena, akamsuuza, mara ya tatu. Akamchoma sindano ya kutuliza mitetemo. Akamkausha, akamfunga taulo, akamrudisha mapajani mwa baba. "Ng'ombe anaihimili dawa hii. Paka haiwezi. Mwili wake haujui kuivunja, na yeye mwenyewe hujilamba akaimeza. Tungoje. Akiivuka jioni ya leo, na kesho akala, amepona."

Tukakaa kwenye benchi. Mitetemo ikawa inakuja na kukatika. Ili nisilie, nikamuuliza daktari jambo lililokuwa linanitesa: kwa nini viroboto wanarudi? Nimefagia, nimechemsha, nimemwaga, mbona wanarudi?

Yule binti akavuta kiti. Alivyoeleza, niliacha kuwa mwalimu nikawa mwanafunzi. Alisema viroboto tunaowaona kwenye paka ni wachache wao. Ukoo wenyewe uko sakafuni. Mayai huteleza kwenye manyoya na kudondoka popote paka anapolala. Yanatoa vijidudu kama funza, vinavyokimbia mwanga, vinakaa kwenye nyufa na chini ya godoro. Halafu kila kimoja kinajisokotea kifuko cha uzi, uzi wenyewe unanata, vumbi linakishika, hata ukitazama unaona taka tu. "Akishaingia humo, mwalimu, dawa ya kunyunyiza haimpati. Hali, hanywi, anangoja. Anaweza kungoja wiki, anaweza kungoja miezi. Nyumba iko kimya, yeye kimya. Siku akisikia sakafu inatikisika kwa hatua, akasikia joto na pumzi, anapasua kifuko anaruka. Wote kwa pamoja."

Niliwaza miezi yote ile, na sisi tunakula, tunalala, tunagombana, na wao wako chini ya miguu yetu wanasikiliza.

"Sasa huyu analala wapi zaidi?" daktari akauliza.

"Kwenye kochi," nikajibu.

Baba akakohoa. Mkono wake ulikuwa juu ya taulo. "Analala chumbani kwa mama yenu," akasema.

Nikageuka kumtazama.

"Kila siku wewe ukiwa shuleni, namfungulia mlango. Anaingia. Mimi siingii, nafunga, nakaa na kiti hapo nje. Akitosheka anakwaruza, namfungulia anatoka." Akaendelea bila kututazama, "Nilitaka mmoja wetu awe anaingia."

Daktari aliinuka akajifanya anatafuta kitu kabatini. Mimi nililia, ndiyo, palepale kwenye benchi la duka la dawa za mifugo, mbele ya mteja aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe. Nikamwomba baba msamaha kwa kumfokea. Akasema, "Yameisha, mama," huku anatazama masikio ya paka yanavyocheza.

Kabla hatujaondoka daktari alitupa dawa ya paka yenyewe, ile ya tone nyuma ya shingo kwa kadiri ya uzito, tuitumie wa kijivu akishapata nguvu, na mweusi siku hiyohiyo. Tena akampa baba agizo ambalo sikulitegemea. Alisema nguo na matandiko ya chumba kile vifuliwe kwa maji ya moto na vianikwe kwenye jua kali. Chumba kifagiliwe kila siku, nyufa zote. Na zaidi ya hapo, mtu atembee humo. "Asubuhi na jioni, mzee. Tembea kwa uzito, uwaamshe walio kwenye vifuko. Wakitoka ndipo wanakufa. Ukiwaacha na ukimya wao, utawaachia wajukuu."

Asubuhi ya Jumamosi paka wa kijivu alisimama, akayumba, akaenda kwenye sahani, akala kichwa cha dagaa. Kimoja. Halafu cha pili. Baba alikuwa amechuchumaa karibu yake. Akainuka, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani kando ya kikombe changu. "Twende," akasema.

Daktari alitushauri tuvae soksi nyeupe ndefu ili tuwaone. Nilikuwa nazo jozi mbili, za mpira wa pete wa walimu. Baba akavaa, akazivuta mpaka magotini, juu ya miguu ile iliyopasuka ya kuchunga. Angetuona jirani angekufa. Baba akakataa nitangulie. Akafungua mlango, akaingia hatua nne, akasimama katikati ya chumba.

Kila kitu kilikuwa kama tulivyokiacha. Kitanda, blanketi limebonyea pale alipokuwa akilala paka, masanduku mawili, sweta la mama kwenye msumari. Vumbi. Dirishani, ziwa kati ya mawe. Hakuna kilichotikisika.

"Umeona?" baba akanong'ona. "Hakuna kitu."

"Ngoja, baba."

Tulingoja. Labda ni pumzi kumi, labda ishirini. Nikaona nukta moja nyeusi kwenye soksi yake, kwenye kifundo. Nukta mbili. Halafu sakafu ikaamka. Sina namna nyingine ya kulisema. Kulikuwa na mchakacho mdogo mno, wa kuhisi kuliko kusikia, na soksi nyeupe za baba zikaanza kubadilika rangi kutoka chini kwenda juu, mbele ya macho yangu, chumba kizima kikimjia mtu mmoja. Nilitaka kupiga kelele. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi ya woga kulikuwa na kitu kingine, kile kinachonishika kanisani mara chache, watu wote wakinyamaza kwa pamoja.

Baba hakujipangusa. Alikuwa ameinamisha kichwa anaitazama miguu yake.

"Tangu mama yenu aondoke?" akauliza.

"Wengine, ndiyo."

"Bila kula?"

"Bila kula."

"Wanamngoja nani?"

"Yeyote atakayeingia, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilikuwa naogopa kwamba nikiingia sitamkuta mtu," akasema.

Tulitoka, tukazivua soksi ndani ya ndoo ya maji ya sabuni, na kazi ikaanza. Haikuisha siku ile. Ilichukua wiki nyingi. Baba alitembea chumbani kwa mama asubuhi na jioni kama alivyoagizwa, kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, anakanyaga kwa nguvu, ananyanyua mguu anatazama, ananiita nije na lenzi. Mara ya kwanza hatukuweza kuwahesabu. Baadaye wakawa kumi, wakawa wanne, wakawa mmoja. Jioni, baba na kitana na bakuli la maji ya sabuni, anamchana wa kijivu mapajani, bila kuficha sasa. Mashangazi waliitwa tena, wakagawana nguo, shangazi mkubwa akapata sweta. Na siku ile soksi zilipotoka nyeupe, na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata, baba alikuwa na mazoea ya kukitembea chumba kile, na hakuacha.

Lakini nataka kurudi kwenye Jumamosi ile, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Nilipotaka kufua, baba alininyang'anya beseni. Sijawahi kumwona baba akifua hata leso. Mama ndiye aliyekuwa mfuaji. Si wa kulipwa, ni wa tabia. Alifua vya kwetu, akafua vya majirani waliojifungua, akifua huku anaongea, na siku zote kwa sabuni ya mche, anaikata kwa uzi. Sabuni ya unga aliita povu la bure. Miezi yake ya mwisho hakuweza hata kushika ndoo, na jambo hilo lilimuumiza kuliko miguu.

Baba alichukua kwanza lile sweta, akalisogeza puani. Nikaona uso wake unashuka. Akanipa nami ninuse. Dawa ya kuchua, vidonge, jasho la mgonjwa, vumbi.

"Huu ni ugonjwa," akasema. Akalishika hapo juu ya maji, hashushi. "Na nikiufua huu, mama, kitabaki nini?"

Nilienda ndani nikarudi na pakiti ya sabuni ya unga, akaitazama, akasema, "Mama yenu hakutumia hiyo." Nikapanda kwa jirani kuazima kipande cha mche. Jirani akashuka nacho mwenyewe, mdomo tayari umefunguka kwa ajili ya utani. Akamwona mzee yule amechuchumaa mbele ya beseni la maji yanayofuka mvuke, anakamua kitenge cha marehemu kama anavyosokota kamba ya ng'ombe. Mdomo ukafumba. "Pole, baba," akasema. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji, akateka mpaka tukamaliza.

Kamba haikutosha. Baba akabeba vilivyobaki mpaka kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ambalo saa saba mchana huwezi kulikanyaga bila viatu, akavitandaza kimoja kimoja: vitenge, kanga, blanketi, sweta. Jiwe likafuka mvuke. "Hili ndilo josho," akasema, akakaa kivulini kulilinda, kama vile nguo zingeweza kutawanyika malishoni.

Jioni jua likielekea ziwani nilipanda kumsaidia kuanua. Jiwe lilikuwa bado na joto. Baba alikuwa ameshika sweta, ameuzika uso wake humo, mabega yanapanda na kushuka. Nikasimama. Nilidhani analia, nikatafuta neno la kumpa.

Akainua uso. Hakuwa analia. Akaninyooshea sweta, nikalinusa. Sabuni ya mche, na jua, na jiwe. Nilikuwa na miaka sita tena, mama ameniinamia ananifunga kitambaa, mikono yake imejikunja kwa maji.

"Umemsikia?" baba akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akalichukua sweta, akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama alivyokuwa akikunja mama.

"Amepona," akasema.